Inua Jamii Yamfikia Bibi, Mjukuu Asiye na Kazi Je?

Malipo ya Inua Jamii yakitangazwa, wazee wa Kanyakine, kule Imenti Kusini katika Kaunti ya Meru, huulizana swali lile lile wanaloulizana wenzao wa Kisauni na Msambweni: pesa zimeingia? Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi, na hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi. Pesa hizo zikifika nyumbani hununua unga, sukari na dawa ya bibi. Chakula kikiiva, hula wote, akiwemo mjukuu wa miaka 25 aliyemaliza shule na hana kazi.

Kwa jina, hiyo ni posho ya mzee. Kwa matumizi, ni posho ya nyumba nzima.

Inua Jamii ina mafungu makuu matatu. La mayatima na watoto walio hatarini lilianza mwaka 2004. Yakafuata la wazee na la watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2018 fungu la wazee likafunguliwa kwa waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni. Wote hawa ni wastahiki. Lakini mpango mzima umejengwa juu ya dhana moja, kwamba mwenye nguvu zake akitafuta kazi ataipata.

Sheria zetu hazikuwa na dhana hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Sheria ya Usaidizi wa Jamii ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi, ikawataja wasio na ajira miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa. Waliandikwa, ila posho yao ya kila mwezi haikuja.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kanyakine ni nchi ya majani chai, kahawa na ndizi. Mchumaji chai hulipwa kwa kilo, kwa hivyo kiangazi kikikaza na majani yakapungua, ujira nao hupungua. Kahawa ina msimu wake, ukiisha vibarua huenda zao. Mashamba yamegawanywa kwa urithi hadi mengine baba na mama wanayamaliza wenyewe. Kijana akinunua bodaboda kwa mkopo, huongeza pikipiki stejini lakini haongezi abiria. Hata ruzuku ya Sh50,000 ya mpango wa NYOTA, iliyoanza kutolewa mwaka 2025, inahitaji soko lenye wateja wenye pesa mfukoni.

Waislamu tunakijua kisa cha Ansari aliyekwenda kuomba kwa Mtume (s.a.w.). Vyombo vyake viliuzwa kwa dirhamu mbili, moja ikanunua chakula na ya pili shoka, akatumwa akakate kuni. Mara nyingi kisa hiki hutumiwa kumkemea asiye na kazi. Lakini tukumbuke kwamba yule bwana alipewa shoka, msitu ulikuwapo, na kuni zilikuwa na mnunuzi. Akarudi na dirhamu kumi.

Marekani ilibadilisha sheria zake za misaada mwaka 1996, ikamtaka mpokeaji afanye kazi na ikaweka ukomo wa miaka mitano kwa msaada wa serikali kuu. Sharti kama hilo huwa na maana palipo na waajiri. Palipokosekana waajiri, huwa ni adhabu tu.

Jirani zetu Tanzania wamejaribu njia nyingine. Kupitia TASAF, kaya maskini hupewa ajira za muda, hadi siku 60 kwa mwaka, kwenye miradi ya kijiji kama barabara, mabwawa na upandaji miti. Shabaha ni ile miezi ya njaa, shamba lisipokuwa na kitu. Sisi tuliwahi kuonja kitu kama hicho mwaka 2020 wakati wa korona, Kazi Mtaani ilipowalipa vijana Sh455 kwa siku kufagia na kuzibua mitaro. Lakini ulikuwa mpango wa dharura wa mitaa ya mabanda. Ulipofungwa, kazi zikaisha.

Kinachohitajika ni siku za kazi zilizowekwa kisheria, zenye fungu lake, bila kugusa pesa za wazee. Kanyakine kuna njia za matope kutoka vituo vya kupimia majani chai. Pwani kuna mikoko ya kupanda na mitaro inayofurika kila masika. Kazi hizo zipo. Kinachokosekana ni bajeti ya kuzilipia.

Kila mwaka serikali ya kaunti hupeleka waraka wa mkakati wa fedha kwenye bunge lake kufikia Februari 28, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Twendeni na swali moja: mwaka huu mmetenga siku ngapi za kazi, kwa vijana wangapi, na katika miezi gani?