Ruzuku za Usalama Kazini: Nani Anaruhusiwa Kuomba

Ruzuku ya serikali ya usalama na afya kazini hutolewa kabla mtu hajaumia. Hapo ndipo inapotofautiana na fidia, na hapo ndipo waombaji wengi wanapopotea njia. Fundi seremala aliyekatwa kidole na msumeno hawezi kukiombea ruzuku kidole hicho. Dirisha lake ni jingine. Kwa Tanzania Bara ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 na unaoendeshwa kwa michango ya waajiri bila mfanyakazi kukatwa hata senti. Kwa Kenya ni sheria ya mwaka 2007 inayojulikana kwa kifupi chake cha WIBA, ambayo inamtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Ruzuku inashughulika na kidole ambacho bado kipo mkononi.

Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kuomba halina jibu moja. Linategemea serikali inataka kununua nini kwa fedha zake. Ikitaka kununua elimu, itamtafuta anayeweza kufundisha. Ikitaka mashine hatari iondoke, itamtafuta mwenye mashine. Marekani ina mipango ya aina zote mbili, na masharti yake yameandikwa waziwazi, ndiyo maana nchi hiyo inafaa kuangaliwa kwa karibu.

Mpango mkongwe wa elimu uko chini ya OSHA, wakala wa usalama kazini ulioanza kazi Aprili 1971 kusimamia sheria iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon Desemba ya mwaka uliotangulia. (Tanzania nayo ina wakala wake unaoitwa OSHA, ni majina kufanana tu, taasisi ni mbili.) Mwaka 1978 OSHA ya Marekani ilianza kutoa ruzuku za mafunzo kwa jina la New Directions. Mwaka 1997 mpango huo ukapewa jina la Susan Harwood, mtumishi wa wakala huo aliyefariki mwaka 1996. Kwa miaka 17 alikuwa amefanya kazi ya kutathmini hatari zinazowakabili wafanyakazi, na kanuni kadhaa za kuwakinga na vumbi la pamba, benzini, asbesto na vimelea vinavyoenezwa kwa damu zina mkono wake. Tangu mwanzo wa mpango, zaidi ya watu milioni 2 wamepitia mafunzo yake. Fedha zenyewe si nyingi: kwa mwaka wa fedha 2023 ziligawiwa takriban dola milioni 12.7, katika nchi yenye wafanyakazi zaidi ya milioni 150.

Ruzuku za Harwood hazipewi kampuni ya biashara, iwe kubwa au ndogo, wala mtu binafsi, hata awe mkufunzi hodari kiasi gani. Idara za serikali za majimbo na za miji nazo haziruhusiwi, isipokuwa vyuo na vyuo vikuu vya umma. Wanaobaki ni asasi zisizotafuta faida: vyama vya wafanyakazi, vyama vya waajiri, vyombo vya pamoja vya pande hizo mbili, asasi za kijamii, asasi za kidini, na makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Hata miongoni mwa asasi hizo zimo zinazoachwa nje, hasa zile za kundi la kodi linaloitwa 501(c)(4) ambazo hujishughulisha na kuwashawishi wabunge.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba kiwanda chenye vumbi ndicho kinachonyimwa fedha za kufundisha watu wake kuhusu vumbi. Lakini sheria imekwisha kumbebesha mwajiri wajibu huo, na serikali ikimlipa mtu atimize wajibu wake itakuwa imewalipa wazembe na kuwasahau waliotii mapema. Chama cha waajiri ni jambo tofauti. Hicho hukusanya wafanyakazi wa makampuni mengi, na mafunzo yake hayawezi kugeuzwa kuwa punguzo la gharama la kampuni moja.

Kuruhusiwa kuomba hakutoshi. Tangazo la kila mwaka hutaja aina ya watu ambao mafunzo yanapaswa kuwafikia: wafanyakazi wa biashara ndogo, wa kazi zenye hatari kubwa, vijana, vibarua wa muda, wasiojua kusoma vizuri, na wasiokimudu Kiingereza. Hapa Kiswahili kinaingia. Katika miaka kumi na zaidi iliyopita Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopewa makazi Marekani, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Baadhi yao wamepata kazi katika machinjio, viwanda vya kuku na maghala ya mizigo, ambako kisu, mkanda wa mitambo na sakafu yenye utelezi vinamsubiri mtu tangu siku ya kwanza, na maelekezo yote yamebandikwa ukutani kwa lugha asiyoijua. Asasi iliyoundwa na wakimbizi wenyewe, kama imesajiliwa kisheria kuwa isiyotafuta faida, ina haki ya kuomba sawa na chuo kikuu cha umma. Asasi changa isiyo na uzoefu hufikiriwa katika kundi la ruzuku za kujenga uwezo. Yaliyosalia ni mawili: mafunzo ya mada maalumu, na utayarishaji wa vifaa vya kufundishia.

Darasa lenyewe halina makuu. Kama mada ni kuanguka kutoka juu, ambako ndiko kunakoua watu wengi kuliko jambo lingine lolote katika ujenzi nchini humo, mkanda wa usalama hupitishwa mkono kwa mkono kabla ya maneno kuwa mengi. Mmoja anauvaa mbele ya wenzake. Pete ya chuma ya mgongoni inatakiwa ikae katikati ya mabega. Ikiteremka hadi kiunoni, siku mtu atakapoanguka itamkunja vibaya. Mikanda ya mapajani inapimwa kwa kiganja: kiganja kilichonyooshwa kipite, ngumi isipite. Kwa njia hii hata asiyejua kusoma anatoka na kitu. Kisha unakuja upande wa mfadhili, kwa sababu kila mradi lazima upimwe katika ngazi tatu: washiriki wameyaonaje mafunzo, wamejifunza nini ukilinganisha na walivyokuwa kabla ya darasa, na baada ya muda wamebadili nini kazini.

Mshiriki halipi chochote. Wala asasi hairuhusiwi kutumia fedha hizo kumlipa ujira wa siku anayohudhuria, sharti ambalo kwa kibarua wa kutwa ni zito: masomo ni bure, lakini siku imepotea. Fedha hizo haziruhusiwi pia kugharamia kesi za wafanyakazi mahakamani, wala kurudia huduma ambazo OSHA yenyewe tayari inazitoa.

Mwenye karakana ya watu wanne, basi, hana nafasi kwenye mlango huu. Mlango wake uko kwenye majimbo, na Ohio ni mfano mzuri. Ohio, pamoja na North Dakota, Washington na Wyoming, ni majimbo ambako bima ya fidia ya wafanyakazi haiuzwi na kampuni binafsi. Mwajiri huikata katika mfuko wa serikali. Mfuko huo ndio unaolipa kila mgongo uliopinda na kila mkono uliosagika. Hivyo una sababu ya kihesabu, mbali na huruma, ya kutaka ajali zisitokee. Mwaka baada ya mwaka umekuwa ukitoa ruzuku ya kununulia vifaa vinavyoondoa hatari: kwa kila dola 1 ya mwajiri, mfuko unaongeza dola 3, hadi kufikia dola 40,000.

Hapa kampuni ya biashara inakaribishwa, na taasisi ya umma pia. Sharti kuu ni kuwa mwanachama wa mfuko mwenye bima hai na asiyedaiwa michango. Makampuni makubwa yaliyoruhusiwa kujikatia bima yenyewe hayamo, maana hayachangii chungu hicho. Ni haki ya mchangiaji, na hata anayepinga serikali kuwapa wafanyabiashara fedha hana la kusema sana.

Nyumba ya kutunzia wazee inaonyesha jinsi fedha hiyo inavyofanya kazi. Mzee wa kilo 90 anahitaji kutolewa kitandani na kuketishwa kwenye kiti cha magurudumu. Mhudumu anapitisha mikono chini ya makwapa yake, anakaza tumbo, anainua na kugeuka. Kugeuka huko, mzigo ukiwa kifuani, ndiko kunakoharibu kiuno, na hufanyika mara nyingi kwa zamu moja. Mashine ya kunyanyulia wagonjwa, yenye mkono wa chuma na machela ya kitambaa, huifanya kazi hiyo kwa kubonyeza kitufe. Kama mashine za kutosha nyumba nzima zina bei ya dola 8,000, mwajiri hutoa 2,000 na mfuko 6,000. Baada ya hapo mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kinachoendelea, ili mfuko ujue kama viuno vimepona kweli au mashine imeegeshwa stoo.

Wazimamoto wana mlango wao wenyewe. Tangu mwaka 2001 serikali kuu ya Marekani imekuwa na ruzuku kwa ajili yao, ambayo sasa inasimamiwa na FEMA, wakala wa maafa. Wanaoruhusiwa ni vikosi vya zimamoto, vikiwemo vile vya watu wa kujitolea, vyuo vya majimbo vya zimamoto, na huduma za dharura za kitabibu ambazo haziko chini ya hospitali na hazitafuti faida. Mchango wa mwombaji hupangwa kwa ukubwa wa eneo analolihudumia: asilimia 5 penye watu wasiozidi 20,000, asilimia 10 hadi watu milioni 1, na asilimia 15 zaidi ya hapo. Kijiji kikilipa sawa na jiji, kitaishia kutoomba kabisa.

Mtu anayejiajiri mwenyewe ndiye husahaulika mara nyingi, na hata mipango iliyotajwa hapa haimgusi sana. Jimbo la New South Wales, Australia, lilimkumbuka. Wakala wake wa usalama kazini uliendesha mpango wa kurudishia biashara ndogo fedha zilizotumika kununua vifaa vya usalama, mwanzo dola 500 za Australia na baadaye hadi 1,000. Ulikuwa wazi kwa biashara zenye waajiriwa chini ya 50, zikiwemo za mtu mmoja, na kwa asasi za hisani. Mwombaji alitakiwa kwanza ahudhurie semina au atembelewe na mkaguzi wa kumshauri, kisha anunue kwa fedha zake na kuwasilisha risiti. Asiye na akiba ya kutanguliza alikwama hapo hapo.

Kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, maombi hupitia mtandaoni, kwenye Grants.gov. Kabla ya hapo asasi lazima isajiliwe kwenye SAM.gov, inakopata namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12; namba hiyo ilichukua nafasi ya ile ya zamani ya DUNS Aprili 2022. Usajili ni bure na huhuishwa kila mwaka. Nyaraka zikipishana kwa jina la asasi au anwani, usajili unaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo anayeanza siku tangazo linapotoka huenda dirisha likamfungia nje huku andiko lake la mradi likiwa tayari mezani.

Pia wapo matapeli. Anayepiga simu na kusema serikali imemchagua mtu apewe ruzuku, ila atume kwanza ada ya kushughulikia faili, ni mwizi tu. Serikali ya Marekani haimpigii simu mtu ambaye hakuomba, na haitozi ada ya kuomba. Wapo pia wanaojitolea kusajili asasi kwenye SAM.gov kwa malipo; hao si lazima wawe wezi, lakini wanauza kitu kinachopatikana bure.

Ruzuku ikishapatikana, anayehojiwa kuhusu kila senti ni asasi yenyewe, siyo mwandishi wa andiko. Ruzuku ya Harwood kwa kawaida huenda miezi 12, na taarifa za kazi na za fedha hutolewa kila robo mwaka. Shughuli ikiisha na taarifa ya mwisho ya fedha ikipelekwa, risiti, orodha za mahudhurio na karatasi za majaribio ya darasani haziendi jikoni kuwashia moto: kanuni za serikali kuu zinataka zitunzwe miaka 3 mingine, kwa sababu mkaguzi anaweza kubisha hodi wakati wowote.