Mbwa dume akikojoa kwa shida, familia isipuuze

Katika vijiji vya mwambao kusini mwa mto Pangani, kuanzia Kipumbwi hadi Mkwaja, mbwa ana kazi. Mchana anafukuza nyani na ngedere shambani, usiku analinda mbuzi na kuku, na mahindi yakikaribia kukomaa ndiye anayewabwekea nguruwe pori wanaotoka upande wa Hifadhi ya Saadani. Nyumba nyingi humlaza nje, na wengi hawamgusi kwa sababu za dini. Ndiyo maana maradhi yake huchelewa kujulikana, hasa yale ya njia ya mkojo.

Mara nyingi wa kwanza kugundua ni mtoto. Atasema mbwa anatoka damu, au anainua mguu lakini mkojo hautoki. Mzazi asimkemee kwa kutaja mambo hayo. Amuulize ameona nini, lini na mara ngapi, kwa sababu hayo ndiyo maswali ambayo daktari wa mifugo ataanza nayo.

Tezi dume si ya wazee tu

Mbwa dume, kama mwanamume, ana tezi dume. Ipo karibu na shingo ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa mbwa ambaye hajahasiwa, homoni za korodani huifanya iendelee kukua kadiri umri unavyosonga. Wengi wanaovuka miaka 5 huwa nayo kubwa, hata kama bado hawajaonyesha dalili.

Kuna tofauti moja inayowapoteza wafugaji. Kwa mzee, tezi iliyovimba hubana mkojo. Kwa mbwa hutanukia zaidi upande wa nje na kuubana utumbo wa haja kubwa. Mbwa hujikamua muda mrefu, kinyesi hutoka chembamba kama utepe, na mwenyewe hudhani ni minyoo au amefunga choo tu. Dalili nyingine ni matone ya damu yanayotoka uumeni hata wakati hakojoi, au mkojo wenye damu.

Bakteria wakiingia kwenye tezi, hali hubadilika haraka. Mbwa hupata homa, hukataa chakula, hutapika, hupinda mgongo na kutembea kwa kukakamaa. Huyo anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Si kila damu inatoka kwenye tezi. Mbwa wanaozurura hupata uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana. Huota vinyama vyekundu kwenye uume, vinavyovuja damu kwa urahisi. Ugonjwa huu unatisha kwa macho, lakini wengi hupona kwa sindano zinazotolewa kila wiki kwa wiki kadhaa.

Mkojo ukiziba kabisa

Hii ndiyo dharura kubwa. Mbwa dume ana mfupa ndani ya uume, na vijiwe kutoka kwenye kibofu huweza kukwama nyuma ya mfupa huo. Mbwa huinua mguu mara kwa mara, hutoa tone au hatoi kitu, tumbo hukaza, kisha hulegea na kutapika. Sumu iliyopaswa kutoka na mkojo hurudi kwenye damu, na kibofu kinaweza kupasuka. Anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2.

Kwa familia ya Mkwaja, safari ya kwenda Tanga mjini ni ndefu na ina mto wa kuvuka. Kwa hiyo usisubiri kesho. Mpigie ofisa mifugo wa kata mara tu unapoona mkojo hautoki, akuelekeze kabla hujaanza safari. Usimminye mbwa tumbo. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala dawa nyingine za maumivu za binadamu. Zinaweza kumharibu figo na tumbo.

Walinde watoto

Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Watoto wasimsogelee. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Mkojo wenyewe nao unaweza kuleta ugonjwa. Mwaka 2022 Watanzania walilisikia jina la homa ya mgunda ilipozuka wilayani Ruangwa, Lindi. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, wakiwamo panya, ng'ombe na mbwa, na huingia mwilini kupitia michubuko au maji machafu. Vaa glovu au mfuko wa plastiki unaposafisha mkojo wa mbwa, nawa kwa sabuni, funika maji ya kunywa, na wazuie watoto kuchezea madimbwi peku.

Kuhasi ni tiba

Kwa tezi iliyokua kwa sababu ya umri, tiba ya kudumu ni kuhasi. Tezi huanza kunywea ndani ya wiki chache. Kwa mbwa wa kupandisha, daktari anaweza kutumia dawa ya kuipunguza, ingawa hukua tena dawa ikisimamishwa. Kuhasi hakuzuii saratani ya tezi, ambayo ni nadra, hivyo mbwa aliyehasiwa akionyesha dalili naye apimwe.

Wengi huogopa kwamba mbwa aliyehasiwa hatalinda tena. Hataacha kubweka wala kulinda boma. Kinachopungua zaidi ni kuzurura akifuata majike. Kazi hiyo ifanywe na mtaalamu kwa dawa ya usingizi. Kumhasi kwa wembe akiwa macho ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama.

Mbwa akifikisha miaka 5, mpe mtoto mkubwa wa nyumbani jukumu dogo: kila asubuhi, akiwa mbali kidogo, aangalie kama mkojo umetoka, una rangi gani, na kama haja kubwa imetoka bila shida. Ni dakika chache, na dalili itaonekana mapema, kabla safari ya hospitali haijawa ya usiku.