Ng'ombe Amezaa Salama, Asubuhi Hasimami



Tuseme ng'ombe wako wa maziwa amezaa jana jioni. Huu ni mzao wake wa nne. Ndama ni mzima na ananyonya. Kiwele kimejaa. Nyumbani kila mtu amefurahi. Asubuhi unakwenda bandani na ndoo yako, unamkuta ng'ombe amelala. Unamsukuma, hasimami. Shingo ameikunja, na kichwa amekigeuzia ubavuni kama anayesinzia. Pua ni kavu. Unashika masikio yake, ni ya baridi. Usiku kucha hakutoa kinyesi.

Majirani watakusanyika. Mmoja atasema ni jicho baya. Mwingine ataleta chupa ya dawa ili anyweshwe kwa nguvu. Wa tatu atakushauri umchinje upesi, upate walau fedha ya nyama. Ngoja kwanza. Ng'ombe huyo anaweza kusimama leo leo, na kukupa maziwa miaka mingine mingi. Lakini akiachwa bila dawa, anaweza kufa kabla ya kesho.

Ugonjwa huu unaitwa homa ya maziwa. Jina hili linadanganya, maana mwili haupati joto, bali hupoa. Hauletwi na mdudu, wala hauambukizi ng'ombe wengine. Unaletwa na upungufu wa madini katika damu. Madini yenyewe ni ya chokaa, na wataalamu huyaita kalsiamu. Ndiyo yanayofanya mfupa uwe mgumu, na ganda la yai pia. Tena yana kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: misuli haiwezi kufanya kazi bila kalsiamu. Ikipungua katika damu, miguu hulegea, tumbo husimama, na mwisho moyo nao hushindwa.

Sasa tupige hesabu pamoja. Damu yote ya ng'ombe mmoja ina kalsiamu kama gramu 3 tu. Maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, yaani dang'a, yana kalsiamu kama gramu 2 katika kila lita. Ukikamua lita 10 za dang'a, umetoa gramu 20. Hizo ni zaidi ya mara sita ya ile iliyomo katika damu. Je, nyingine itatoka wapi? Itatoka katika chakula, na katika mifupa. Mifupa ni ghala la kalsiamu, na ndani yake zimo kilo kadhaa. Shida ni kwamba ghala hilo halifunguki mara moja. Kwa ng'ombe mzee hufunguka polepole zaidi. Ndiyo maana mtamba anayezaa mara ya kwanza huanguka kwa nadra sana, lakini ng'ombe wa mzao wa tatu na kuendelea huanguka mara nyingi zaidi. Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu hawapati sana ugonjwa huu, kwa kuwa maziwa yao ni machache. Wanaoupata ni wale wa kigeni na machotara wenye maziwa mengi, na Jersey kuliko wengine.

Sasa turudi bandani. Mtume mtu, au piga simu, kwa bwana mifugo mara moja. Usingoje jioni. Huku ukingoja, usimnyweshe kitu chochote kwa chupa, hata maji. Koo lake limelegea kama miguu yake, na utakachomimina kitaingia mapafuni. Ng'ombe wengi waliokuwa wapone wamekufa kwa chupa hiyo. Mweke akae kifudifudi, kifua kikiwa chini, na umwegemeze kwa magunia yaliyojazwa nyasi. Akilala ubavu, gesi itamjaa tumboni na atakufa haraka. Mfunike kama kuna baridi, mtilie kivuli kama kuna jua. Kila baada ya saa chache mgeuze, uzito uhamie upande wa pili, ili mguu wa chini usife ganzi. Usimpige wala kumkunja mkia ili asimame. Hakatai kusimama, hawezi.

Bwana mifugo atamtia dawa ya kalsiamu katika mshipa wa damu. Dawa hii huingizwa polepole sana, huku akisikiliza moyo, kwa sababu ikiingia haraka moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo usijaribu wewe mwenyewe, hata kama duka litakubali kukuuzia chupa. Dawa ikishaingia utaona mambo ya kushangaza. Ng'ombe atatetemeka, atacheua, atatoa kinyesi, na wengi husimama kabla ya saa chache kupita. Wengine huanguka tena kesho yake au keshokutwa, basi usimwache bila mtu wa kumtazama. Kwa siku mbili za mwanzo usikamue mpaka tone la mwisho. Kamua maziwa ya kumtosha ndama na kidogo ya kupunguza kiwele. Lakini ndama usimnyime dang'a: aipate mapema, kabla ya saa 6 kupita tangu azaliwe. Humo ndimo iliyomo kinga yake ya magonjwa, na vitamini A yake ya kwanza.

Huko Ulaya, miaka mingi iliyopita, wakulima walitibu ugonjwa huu kwa kupuliza hewa ndani ya kiwele kwa pampu! Tena wengi wa ng'ombe hao walipona. Hewa ilizuia maziwa yasiendelee kutengenezwa, kwa hiyo kalsiamu ikabaki katika damu. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Edinburgh, Dryerre na Greig, walieleza kwamba chanzo ni upungufu wa kalsiamu, na tangu hapo dawa ikajulikana. Wewe usiguse pampu. Uchafu ukiingia katika chuchu utaleta ugonjwa wa kiwele.

Huenda utauliza: kwa nini nisimpe kalsiamu nyingi kabla hajazaa, ili awe na akiba? Hapa wafugaji wengi wenye bidii hukosea. Ng'ombe mwenye mimba aliyekauka akilishwa kalsiamu nyingi kila siku, mwili wake huacha kufungua ghala la mifupa, maana hauna haja. Siku ya kuzaa inapofika, mlango umeshika kutu. Basi katika wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa, mpunguzie majani ya jamii ya kunde, kama lusina na lusini, kwa sababu yana kalsiamu nyingi. Simamisha pia madini ya dukani yenye kalsiamu. Mpe majani ya kawaida, kama mabingobingo, na pumba kidogo. Asinenepe kupita kiasi, kwa kuwa mnene huanguka upesi. Siku anapozaa, mrudishie madini yenye kalsiamu, na umpe kila siku muda wote anapokamuliwa.

Madini mengine nayo yana dalili zake. Ng'ombe anayelamba kuta, jembe lako, au mkojo wa wenzake, anatafuta chumvi. Majani huwa na chumvi kidogo sana, na kila ndoo ya maziwa huondoka na nyingine. Anayekamuliwa huhitaji kama gramu 30 hadi 60 kwa siku, yaani vijiko vikubwa 2 au 3, na maji ya kutosha yawe mbele yake saa zote. Usimpe magadi badala ya chumvi. Magadi ya sehemu nyingine, kama Arusha, yana floraidi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa ya mifugo. Meno ya watoto wetu wanaokula chakula kilichopikwa kwa magadi hayo huharibika vilevile.

Ng'ombe anayetafuna mifupa ana upungufu wa madini ya fosforasi. Usicheke ukimwona, mnyang'anye. Huko Afrika Kusini ng'ombe wengi walikuwa wakipooza na kufa malishoni. Katika miaka ya 1920 Arnold Theiler na wenzake walionyesha sababu. Ardhi ilikosa fosforasi, ng'ombe wakala mifupa ya mizoga, na mizoga ile ilikuwa na sumu. Kwetu kuna hatari nyingine tena, nayo ni kimeta. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa kwa kimeta unaweza kumwua anayeutafuna, na hata mtu anayeushika anaweza kuugua. Kwa hiyo usisage unga wa mifupa nyumbani. Nunua madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, na usome maandishi kwenye mfuko kabla ya kulipa.

Kuhusu vitamini, usiharakie sindano. Vitamini za kundi B hutengenezwa tumboni mwa ng'ombe mwenyewe. Vitamini A huipata katika majani mabichi, na vitamini D katika jua. Ng'ombe aliyefungwa katika banda la giza na kulishwa mabua makavu miezi mingi ndiye anayepungukiwa. Kiangazi kikiwa kirefu, mkatie hata mzigo mdogo wa majani mabichi kila siku, na umtoe juani.

Chumvi na madini viweke katika kisanduku cha mbao chini ya paa, ili mvua isiviyeyushe. Kiwe juu kiasi kwamba kinyesi hakiwezi kuingia.

Na daftari lako lifanye kazi. Andika siku ng'ombe alipopandwa. Mimba ya ng'ombe huchukua siku kama 283. Kama alipandwa tarehe 10 Machi, tazamia azae karibu na tarehe 18 Desemba. Acha kumkamua siku 60 kabla, yaani tarehe 19 Oktoba. Punguza lusina kuanzia tarehe 27 Novemba. Tarehe hizo ziandike pia kwa mkaa kwenye mlango wa banda, kwa tarakimu kubwa, pamoja na namba ya simu ya bwana mifugo. Huenda siku ng'ombe atakapoanguka wewe uko sokoni, na aliye nyumbani ni mtoto wa darasa la tatu.