Dabo au Mwito? Fumbo la Mnada wa Karata Ukambani

Sisi watu wa pwani karata si ngeni kwetu. Majina yake tuliyapokea kwa Mreno: shupaza ni panga zake, kopa ni vikombe vyake, uru ni dhahabu yake, na pau ni magongo yake. Hata turufu ni neno lake. Wala Mreno naye hakuzizua yeye. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata za zama za Mamluki wa Misri zenye vikombe, dinari, panga na magongo ya kuchezea mpira juu ya farasi, na mmoja wa wakubwa wa karata hizo huitwa naibu. Basi tulichouziwa na Mreno kilikuwa kimetoka kwa jirani zetu.

Nayasema haya kwa sababu nataka kuzungumza juu ya briji, mchezo ambao wengi wetu huudhania wa mabwana wa klabu tu. Kijitabu cha kwanza kuuandika kwa Kiingereza kilitoka London mwaka 1886, na kabla ya hapo ulikuwa ukichezwa Istanbul. Na wasomaji waliomtazama Omar Sharif wa Misri katika sinema za miaka ya 1960 huenda hawajui kuwa mwaka 1964 aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya briji ya dunia. Ama kuhusu pesa, ikitiwa pesa ni kamari, na hukumu ya kamari yajulikana. Isipotiwa, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametofautisha mchezo utegemeao hisabu na fikra na ule wa kubahatisha. Anayetaka zaidi amwendee shehe wake. Mimi ni mwandishi tu.

Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, kila mtu na karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada: huyu anaita kwamba yeye na mwenzake watakula duru nane turufu ikiwa kopa, yule anapanda juu yake kwa shupaza, hadi watu wanyamaze. Badala ya kupanda, waweza kusema “dabo”, yaani unawaambia wapinzani hawatatimiza ahadi yao, na hesabu inaongezwa. Cha ajabu ni kwamba dabo ni kongwe kuliko mnada wenyewe. Katika kile kijitabu cha 1886 mgawaji alichagua turufu na mpinzani akaweza kumpinga; kunadi kulikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na hesabu ya leo ilipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925.

Nilipita Sultan Hamud, mji wa reli wenye jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, kisha nikaingia Wote, makao ya kaunti ya Makueni. Hapo nilikaribishwa na mwalimu mstaafu wa hisabati. Jioni wakaja watu watatu, meza ikatengwa chini ya mwembe, nami nikakaa nyuma ya mwenyeji wangu nikitazama.

Mpinzani wa kuliani kwake alifungua kwa kopa moja. Mwalimu akaita shupaza moja, akiwa na shupaza tano zikiongozwa na ree. Wapinzani wakapanda kopa mbili, mwenza wa Mwalimu akasema shupaza mbili, na yule wa kwanza akasema kopa tatu. Wapinzani hao walikuwa katika ile hali ambayo adhabu huwa nzito. Je, Mwalimu apande shupaza tatu, anyamaze, au apige dabo?

Akapiga dabo. Wakashindwa kwa duru moja, nasi (maana mimi nilikuwa upande wake kwa moyo) tukaandikiwa 200. Kama wangalitimiza, wangaliandikiwa 730 badala ya 140. Hilo si jambo la mzaha.

“Mwalimu,” nikamwambia, “huo ni ujasiri.”

“Si ujasiri, shehe, ni kuhesabu,” akajibu, akachukua kalamu.

Akanieleza kanuni iliyoandikwa na Mfaransa Jean-René Vernes mwaka 1969, na kuenezwa na Larry Cohen wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1992. Jumlisha turufu za upande wenu na turufu za upande wao. Hiyo ndiyo jumla ya duru ambazo pande zote mbili zitakula, kila upande ukicheza kwa turufu yake. Sisi shupaza nane, wao kopa nane: jumla 16. Tukiweza kula tisa, wao watakula saba tu, na dabo italeta 500 wakati shupaza tatu zingetupa 140. Wao wakila tisa, sisi tuna saba, na shupaza tatu zitatuzamisha. Kwa vyovyote kupanda ni hasara. Lakini baina ya dabo na kimya kanuni haitoshi. Mwalimu alikuwa na mfalme wa kopa na ghulamu wake, naye ameketi baada ya mwenye kopa nyingi, kwa hiyo kila mwenye kopa akitupa, yeye ndiye afuataye. Angalikuwa ameketi kabla yake, karata zilezile zingalikuwa mateka.

Mimi sikuridhika sana na kanuni, na nilifurahi kujua kuwa mwaka 2004 Mike Lawrence na Anders Wirgren waliandika kitabu kizima cha kuipinga. Huo ni ubishi wa wataalamu.

Yaliyonigusa zaidi niliyakuta Kitui, nilikofika kwa barabara ya Kibwezi na Mutomo. Huko kuna marafiki wawili wa tangu shuleni waliokuwa miezi miwili hawaketi upande mmoja wa meza, kwa ajili ya neno moja. Mpinzani alifungua kwa shupaza nne. Mmoja akasema dabo, na makusudio yake yalikuwa: mwenzangu, nitajie turufu yako iliyo bora. Mwenzake akafahamu: tuwaadhibu. Akanyamaza. Shupaza nne zikatimia, na 790 zikaandikwa dhidi yao.

Hapa mshairi ndani yangu aliamka. Dabo ni fumbo: neno moja, maana mbili, na anayefumbiwa ni mwenzako mbele ya adui asikiaye. Walitaka niamue. Nikasema, kwa desturi ya wachezaji wengi wa zamani, dabo ya mwito mdogo huuliza, na kadiri mnada upandavyo huwa ni adhabu. Juu ya shupaza nne, atakaye kuuliza husema “nne bila turufu”. Aliyenyamaza alikuwa na haki.

Mwenziwe hakusema kitu. Akaibandua kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: hadi kopa nne dabo ni swali, kuanzia shupaza nne ni adhabu. Akamsogezea rafiki yake kalamu atie sahihi.

Rafiki akasoma mara mbili, akauliza: “Na bila turufu tatu je?”

Nilipowaacha walikuwa bado wako hapo.