Je, Wajua? Kisu Kimoja Hakinyoi

Ukiketi kwenye kiti cha kinyozi mjini Bariadi Jumamosi jioni, sikio hupata habari kabla ya kichwa. Mashine iliyo nzima huvuma kwa sauti moja nzito, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mashine iliyochoka hupiga kelele na kutetema, kisha kisogoni unahisi nywele moja moja zikivutwa badala ya kukatwa, na machozi yanakulengalenga mtu mzima mbele ya vijana.

"Umeme mdogo leo, mzee. Vumilia kidogo," kinyozi wangu aliniambia.

Nikamwuliza kama hajabadilisha kitu chochote kwenye mashine ile. Akasema amebadilisha, tena juzi tu: amefunga kisu kipya cha juu, kile kidogo kinachocheza. Cha chini amekiacha kwa kuwa bado kinang'aa. Hapo nikajua kwamba shirika la umeme linasingiziwa.

Wembe ni kitu cha peke yake. Una ncha moja, na ncha hiyo ikiwa kali inakata bila kuomba msaada. Mashine ya kunyolea haiko hivyo. Ni ndugu wa mkasi. Kisu cha chini, kile kikubwa kinachogusa ngozi, hakitembei kabisa. Kazi yake ni ya kitana: kuzipanga nywele na kuziingiza kwenye mianya ya meno yake. Kisu cha juu ndicho kinachokwenda kushoto na kulia, na unywele hukatika pale unapobanwa kati ya jino linalopita na jino lililosimama. Kwa hiyo ukali wa kila kisu ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni namna vinavyokutana. Fundi cherehani yeyote anaujua mkasi wenye makali mazuri lakini ripiti yake imelegea: badala ya kukata kitambaa, unakikunja.

Na visu hivi havikutani kama mtu anavyodhani. Ukivifungua, ukavikutanisha uso kwa uso na kuvielekeza kwenye taa, utaona mwanga mwembamba unapita katikati. Usidhani vimepinda. Kiwandani huchongwa makusudi viwe na shimo hafifu mno, ili vigusane mbele kwenye meno na nyuma kwenye reli peke yake. Hivyo nguvu yote ya springi inaishia kwenye ncha, na msuguano unapungua. Ndiyo maana nasikitika nikimwona mtu anasugua visu kwenye jiwe la kunolea au kwenye kioo kilichomwagiwa unga wa msasa. Kisu kinatoka kinang'aa kama kipya, lakini kile kishimo kimeliwa, na sasa vyuma viwili vinasuguana uso mzima. Vinapata moto upesi na kukata vibaya kuliko mwanzo. Visu viwili vilivyofanya kazi pamoja pia vimeshalana na kuzoeana. Ukimwoza mmoja kwa mgeni, kama alivyofanya yule kijana kinyozi wangu, meno yanagusana hapa na kuachana pale. Nywele zinazopita kwenye ule mwanya ndizo zinazokuliza.

Watu wa mkoa huu wa Simiyu wana mfano wa jambo hili uwanjani kwao, ila ukubwa wake ni wa nyumba. Mwaka 1840 Mmarekani Fones McCarthy alipata hataza ya kinu cha kuchambulia pamba kwa rola, na uzao wa kinu hicho bado unafanya kazi katika nchi nyingi zinazolima pamba, kanda hii ya ziwa ikiwemo. Rola iliyovishwa ngozi inazivuta nyuzi. Kisu kimoja kimesimama kikiigandamiza rola. Kisu cha pili kinacheza. Tofauti ni kwamba kule kisu kinachocheza hakikati. Kinaisukuma mbegu tu, mpaka nyuzi zinaiachia. Lakini mtu aliyewahi kufunga visu vya kinu hahitaji kufundishwa kuhusu mashine ya kinyozi. Anajua kwamba nafasi kati ya visu ikizidi kidogo au ikipungua kidogo, siku nzima imeharibika.

Turudi kwenye ule uvumi wa nyuki. Mashine nyingi za kuchomeka ukutani hazina mota inayozunguka. Ndani mna koili ya waya, kipande cha chuma na springi, basi. Mpango huo alitoka nao Leo Wahl wa mji wa Sterling, jimbo la Illinois, Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameunda mashine ya umeme ya kukanda mwili. Mwaka 1919 akauhamishia mtetemo ule kwenye visu vya kunyolea. Umeme wetu wa Tanzania hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sumaku haijali mkondo unaelekea wapi, inavuta tu. Kwa hiyo kipande cha chuma huvutwa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, na springi hukirudisha. Hiyo ni mikato 6,000 kwa dakika. Mashine hiyo hiyo ikiwa Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60, hukata mara 7,200. Kwa hiyo ukisoma 7,200 kwenye boksi, fahamu kwamba muuzaji hajakudanganya, wala Bariadi hutaipata.

Umeme mdogo nao si hadithi tupu. Mvuto wa sumaku ya namna hii hufuata mraba wa mkondo, hivyo volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, mvuto haubaki asilimia 78 kama hesabu ya haraka inavyoonyesha. Unashuka hadi karibu asilimia 60. Kisu kinacheza hatua fupi, jino halifiki kwa jirani yake, na unywele unabaki katikati umekunjwa. Ndiyo sababu ubavuni mwa mashine kuna skrubu moja ambayo wengi hudhani ni ya kushikia kasha. Ni ya kurekebisha hatua ya kisu. Washa mashine, izungushe taratibu mpaka ianze kugonga kwa kelele, kisha irudishe kidogo kidogo mpaka kelele ikome. Hapo kisu kinakwenda hatua ndefu kuliko zote kinazoziweza kwa umeme uliopo. Mashine za chaji, ambazo zimefika vijijini Itilima na Meatu pamoja na sola, hazina ugomvi huu. Zina mota ndogo ya kuzunguka, na udhaifu wake ni betri.

Sasa, kwa nini chuma kinaishiwa makali kwa kitu laini kama nywele? Swali hili liliwasumbua watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani, na mwaka 2020 walichapisha jibu katika jarida la Science. Walinyoa na kutazama nyembe kwa hadubini yenye nguvu. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe mara 50 hivi, na ilidhaniwa kwamba ncha inachakaa polepole na kuwa mviringo. Walichokiona ni tofauti: ncha inamomonyoka vipande vidogo. Unywele ukipinda na kuigusa ncha kwa upande, mahali ambapo chuma hakikulingana kwa ndani, kipande kinabanduka. Na nywele zetu, zenye umbo bapa na mizizi iliyopinda, si za kusimama wima zikingoja zamu.

Hili linanileta kwenye kosa ninalolisikia kila mara kwa wanunuzi. Mtu anakwenda dukani na sumaku mfukoni, maana ameambiwa kwamba chuma halisi kisichoshika kutu hakinasi sumaku. Kwa sufuria, kipimo hicho kina maana. Kwa kisu ni kinyume chake. Chuma cha kisu lazima kiwe cha aina inayoweza kuchomwa na kupozwa mpaka kiwe kigumu, na aina hiyo hunasa sumaku hata kama haishiki kutu. Kisu cha chuma kinachoikataa sumaku kabisa kimetengenezwa kwa chuma cha sufuria. Kitang'aa miaka mingi bila kunyoa vizuri hata wiki mbili. Anayeruhusiwa kuikataa sumaku ni kisu cheupe cha kauri, kinachotokana na oksidi ya zirkoni. Hicho hakishiki kutu, hakipati moto haraka, na makali yake hudumu. Ila ni kauri: kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinapasuka kama kikombe. Kwa saluni yenye watoto wanaocheza na waya, mimi ningebaki na chuma.

Kuhusu mafuta nitasema neno moja tu, kwa sababu ya mahali tulipo. Simiyu ni nchi ya pamba, na mafuta ya mbegu za pamba hayakosekani jikoni. Yasiondoke jikoni. Mafuta hayo yakikaa hewani kwa utando mwembamba hugandamana na kuwa kama vanishi. Ndiyo ule unato wa rangi ya asali unaouona kwenye meno ya mashine za zamani. Mafuta ya cherehani yanafaa. Matone mawili matatu, mashine ikiwa inawaka, kisha futa.

Ukisha kupata visu, bado kuna kuvipanga. Kisu cha juu kikae nyuma ya cha chini kwa kiasi cha milimita moja na ushei. Vinyozi wanaopenda mistari mikali husogeza nafasi hiyo mpaka ikaribie kwisha, wanaita kuiweka ziro, na mteja anafurahi akijitazama kwenye kioo. Siku ya tatu anarudi na vipele kidevuni. Unywele uliopinda ukikatwa chini sana, ncha yake hujikunja na kuichoma ngozi upya ukiwa unaota. Ngozi inavimba kama imeingiwa na mwiba. Kwa watu wenye nywele za aina yetu, kuacha kisiki cha milimita moja ni tiba kuliko krimu nyingi.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi siwasukumi ndugu zangu wakimbilie zile mashine za mtu binafsi zenye wavu mwembamba au vichwa vitatu vya mviringo. Za vichwa vya mviringo alizibuni Alexandre Horowitz wa kampuni ya Philips, zikaingia sokoni mwaka 1939. Ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini zilitungwa zikate karibu kabisa na ngozi, na huko ndiko tatizo letu lilipo. Aliye nayo na haimdhuru, basi aangalie vichwa: Philips hushauri vibadilishwe kila baada ya miaka 2, Braun husema miezi 18 kwa wavu na kisu chake. Hesabu hizo ni za uso mmoja. Mashine ya saluni inayopita vichwa ishirini kwa siku haina kalenda. Inapimwa kwa sikio na kwa uso wa mteja.

Vichwa vingi kwa kisu kimoja maana yake pia ni ugonjwa. Mapunye ni kuvu, na husafiri kwenye meno ya mashine bila nauli. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi, kwenye tone la damu ambalo hata jicho halilioni. Kwanza brashi, nywele zote zitoke, ndipo dawa; dawa iliyomwagwa juu ya uchafu inaufikia uchafu tu. Spiriti ya asilimia 70 ni bora kuliko iliyo kali zaidi, kwa kuwa maji yaliyomo huisaidia kuingia. Dawa ya klorini ya kufulia huua wadudu na kukila chuma vilevile. Wapo wanaomimina spiriti na kuiwasha kiberiti ili mteja aone moto na kuridhika. Ncha ya kisu ni nyembamba, inapata joto kabla ya mwili wake, na ugumu uliotiwa kiwandani unaondoka. Meno yenye rangi ya bluu yameshakufa.

Visu vya akiba huingia Bariadi kwa milango miwili, barabara ya Mwanza kupitia Lamadi au ile ya Shinyanga kupitia Mwigumbi na Maswa, vingi vikiwa vimeanzia Kariakoo. Vingine vina majina makubwa yaliyoandikwa na watu wasiohusika na majina hayo. Kwa hiyo usiende kununua jina. Nenda na visu vya zamani, vyote viwili, na mashine yenyewe ukiweza. Linganisha matundu ya skrubu, upana, na mahali kijino cha mashine kinapoingia kwenye kisu cha juu. Nunua jozi. Dukani hapo hapo vielekeze kwenye taa.

Kijana wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zaidi kuliko imani. Kisha akafungua droo, akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa visu vya zamani, na kuanza kutafuta. Kile cha juu alichokitoa juzi, mwenzake wa cha chini kilichobaki kwenye mashine, kilikuwa bado kimefungwa kwa mpira, alama ya wino ubavuni. Akavipiga brashi, akavifunga, akatia mafuta. Mashine ikawaka na kugonga. Akaigusa ile skrubu ya ubavuni kwa bisibisi, robo mzunguko, kisha kidogo tena, mpaka kelele ikafa na nyuki wakarudi kwenye debe lao.

"Inamisha kichwa, mzee."