Mkono Urushao: Gesi, Mafuta au Gurudumu?

Lori la kumwaga mchanga mjini Dodoma huinua tani kadhaa za shehena kwa mkono wa chuma unaosukumwa na mafuta. Hata hivyo, lori hilo haliwezi kurusha hewani hata jiwe moja. Nguvu linayo, linachokosa ni kasi.

Tofauti hiyo ya nguvu na kasi ndiyo inayowashughulisha mafundi wa roboti za mapambano. Mashindano hayo yalianza San Francisco, Marekani, mwaka 1994, na televisheni ya Uingereza ikayaeneza kuanzia 1998. Mashine mbili zinazoongozwa kwa redio hupambana ndani ya uwanja uliozungushiwa kuta. Baadhi hubeba msumeno au nyundo. Nyingine zina mkono bapa unaopenya chini ya mpinzani na kumpindua. Kwa mkono wa aina hiyo roboti Chaos 2, iliyoundwa na Mwingereza George Francis, ilitwaa ubingwa wa Uingereza mara mbili mfululizo.

Hesabu ya kurusha

Kuinua roboti ya kilo 110 kwa mita moja kwahitaji jouli 1,080 hivi. Nishati hiyo si kubwa: mtu wa kilo 60 huitumia apandapo ngazi yenye kimo cha mita 1.8. Kazi hiyo ikifanyika kwa sekunde moja, kilowati moja na ushei yatosha. Ikifanyika kwa sehemu ya kumi ya sekunde, zatakiwa kilowati 11 hivi, yaani nguvu za farasi zaidi ya 14. Kwa hiyo ni lazima nishati iwekwe akiba polepole, kisha iachiliwe ghafla. Ndivyo ulivyo mtego wa kijiti: mtegaji hukipinda taratibu, nacho hufyatuka mara moja.

Gesi

Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10, ikisukumwa na gesi yenye kanieneo mara kumi ya ile ya angahewa, hutoa kani ya nyutoni 7,900 hivi. Ikisafiri sentimita 20 hufanya kazi ya takriban jouli 1,600. Gesi hutanuka upesi, na hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo hapa Tanzania huchimbwa wilayani Rungwe, hutunzwa katika mtungi ikiwa kimiminika. Kwenye nyuzi 20 za Sentigredi kanieneo yake ni kama mara 57 ya angahewa. Ipitapo nyuzi 31 haiwezi tena kubaki kimiminika, na kanieneo ya mtungi uliojaa hupanda kwa kasi. Mtungi ulioachwa juani Dodoma hufikia joto hilo bila shida, na mtungi unaopasuka huua. Aidha, kila mrusho huipoza gesi, na mirusho ifuatayo hudhoofika.

Mafuta

Mafuta hustahimili kanieneo kubwa mno. Pistoni ya sentimita 4 tu, kwa kanieneo mara 200 ya angahewa, hutoa nyutoni 25,000 hivi. Lakini ili isafiri sentimita 10 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mafuta yapaswa kutiririka zaidi ya lita moja kwa sekunde. Pampu ya lori haikukusudiwa kazi hiyo. Roboti Hydra ya Marekani imethibitisha kwamba yawezekana, ila kwa mabomba na vali za gharama kubwa.

Gurudumu

Injini za kale za dizeli zilizosaga mtama na uwele vijijini zilikuwa na magurudumu mazito yaliyotunza mwendo. Sahani ya chuma ya kilo 10 yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hutunza jouli 1,390 hivi. Mwendo ukiongezwa maradufu, nishati huongezeka mara nne. Tatizo ni klachi: kuunganisha ghafla gurudumu linalozunguka na mkono uliotulia huvunja meno ya gia.

Mahali pa egemeo

Mkono ni wenzo. Egemeo likiwa nyuma ya roboti, ncha husafiri mbali na kwa kasi, lakini kani yake hupungua kwa kiasi kilekile, na mpinzani hutupwa juu na kurudi nyuma. Likiwa mbele, mwendo huwa mfupi, na mpinzani husukumwa mbele.

Lipi lifaalo?

Kwa mwanafunzi wa nyanda za kati, joto la mahali na vifaa vilivyopo ndivyo viamuzi. Roboti ya kilo moja na nusu yahitaji jouli 15 tu kuinuliwa mita moja. Kamani inayovutwa sentimita 10 kwa kani ya wastani ya nyutoni 200 hutunza jouli 20, na fundi wa baiskeli aweza kuifunga. Jambo moja lisisahauliwe: kamani iliyovutwa ni mtego uliotegwa. Pini ya kuizuia ichomekwe kabla ya mtu yeyote kusogeza mkono wake.