Ababari Hawakuweka Daftari

Abagusii walikuwa wakifungua fuvu la mtu muda mrefu kabla ya mashine za kupiga picha za kichwa kufika Kisii. Fundi wa kazi hiyo huitwa omobari; wakiwa wengi ni ababari. Mtu aliyegongwa kichwani, kisha kichwa kikamsumbua kwa miezi bila kupoa, alipelekwa na jamaa zake kwa omobari. Ngozi ilichanwa, mfupa ukakwaruzwa taratibu kwa chuma chenye ncha iliyopinda hadi sehemu yenye ufa ikaisha, fundi akichunga mkono wake usitoboe utando unaofunika ubongo.

Sifa za kazi hiyo zilivuka bahari kwa kalamu za wengine. Mwaka 1958 J. G. Grounds aliieleza katika jarida la East African Medical Journal. Mwaka 1962 A. Coxon aliandika juu yake katika Guy's Hospital Gazette. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, aliichambua kwa kirefu mwaka 1967. Mwaka 1985 David Furnas na wenzake wanne wakaitolea makala katika Annals of Plastic Surgery.

Waandishi hao walistaajabia jinsi wagonjwa wengi walivyopona. Lakini swali la kwanza la msomaji wa leo ni jepesi: kati ya wangapi?

Hapo ndipo mambo yanapokwama. Aliyepona alirudi sokoni na kovu lake, watu wakaliona. Aliyekufa alizikwa, na mgeni aliyekuja miaka kadhaa baadaye kukagua makovu hakumkuta. Huenda ni kweli kwamba vifo vilikuwa vichache. Ila anayehesabu walio hai peke yao hawezi kujua, hata awe mtaalamu kiasi gani. Ustadi wa mkono ulikuwapo Gusii; daftari halikuwapo.

Penye mafaili mambo yalikwenda tofauti. Mwaka uleule Grounds alipoandika, 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Uganda, alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Alikuwa ameonyeshwa mtoto mmoja katika hospitali ya Mulago, taya zake zimevimba pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine nje, ana uvimbe wa namna ileile. Alirudi Mulago akafukua mafaili. Makala yake katika British Journal of Surgery ilikuwa na wagonjwa 38, na leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Mafaili ndiyo yaliyougeuza mshangao wa siku moja kuwa elimu.

Kwa daktari kijana wa Kisii au Nyamira anayetaka kuchapisha utafiti, basi, makala ya kwanza huenda tayari iko kwenye kitabu cha thieta. Kila mstari una tarehe, umri, ugonjwa, aina ya upasuaji na jina la aliyepasua. Kinachokosekana ni swali. “Ajali za bodaboda” si swali, ni malalamiko. Swali ni hili: kati ya waliovunjika muundi na mfupa ukatokeza nje, wangapi walipata maambukizi, na je, waliochelewa kuoshwa kidonda waliumia zaidi ya waliowahi?

Swali likishakaa sawa, makala hujengwa kwa vyumba vinne. Utangulizi unaeleza kwa nini jambo hilo lichunguzwe. Mbinu zinaeleza nani alihesabiwa, nani aliachwa na kwa nini, kwa uwazi wa kumwezesha mtu wa Eldoret au Mwanza kuirudia kazi ileile. Matokeo yanatoa hesabu bila porojo. Mjadala unasema hesabu hizo zina maana gani na wapi zimepungua. Madaktari wengi huanza na utangulizi, wakachokea hapohapo. Ni rahisi zaidi kuanza na majedwali, kwa kuwa hayo ndiyo kazi iliyofanyika.

Lakini karatasi za ruhusa hutangulia yote. Kamati ya maadili lazima ipitishe utafiti kabla faili la kwanza halijafunguliwa, na taasisi ya serikali ya NACOSTI hutoa kibali chake. Picha ya mgonjwa haichapishwi bila ridhaa yake.

Halafu kuna kuchagua jarida. Chama cha madaktari wa upasuaji wa Kenya kina lake, Annals of African Surgery. Yapo pia ya kitapeli: barua pepe tamu, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, kisha ankara. Jarida la kweli huwapelekea makala wataalamu wengine waichambue, nao hawana haraka wala huruma.

Majibu yao ndiyo shule yenyewe. Tuseme makala ile ya muundi imerudi na maswali 20. La tatu linasema: wagonjwa waliolazwa ni 64, waliorudi kliniki ni 41, hao 23 wako wapi? Mwandishi anaweza kuwafuta kimyakimya, hesabu yake ikapendeza kama makovu ya sokoni. Au anaweza kurudi kwenye mafaili, anakili namba za simu, aanze kupiga: Keroka, Nyansiongo, Ogembo. Namba moja haipatikani. Ya pili inapokewa na mama mmoja, anayesema mwanawe anatembea vizuri, ila kidonda kilitoa usaha mwezi mzima na walitibiwa kwenye zahanati ya karibu. Daktari anaandika: mgonjwa wa 17, maambukizi, ndiyo. Kisha anapiga namba ya tatu.